Jina lenu lina watu wangapi? Njia nne za kupima wingi wa jina la ukoo

Mkaazi wa Mombasa anayetaka kujua jina lake la mwisho limeenea kiasi gani huwa na haja nyuma ya swali hilo. Huenda anamwandikishia mtoto cheti cha kuzaliwa na hataki mtoto huyo afanane jina na mamia ya wengine. Huenda pana mirathi, na waliojitokeza kudai ujamaa wamezidi waliotarajiwa. Huenda anaandika historia ya mlango wao, yaani ukoo wao, au anataka kujua tu. Njia za kutafuta jibu zipo na kila moja ina wanaoisifu, lakini majibu yake hayalingani, na anayeanza na njia isiyofaa haja yake huondoka na tarakimu ya kupendeza isiyomfaa kitu.

Nalinganisha njia nne. Ya kwanza ni tovuti za majina na nasaba, kama Forebears na FamilySearch. Ya pili ni orodha za dola: sensa, daftari la wapiga kura na sajili ya vitambulisho. Ya tatu ni Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya. Ya nne ni wazee, pamoja na shajara, yaani miti ya nasaba, na karatasi za ndoa na mirathi ambazo familia huziweka sandukuni.

Vigezo ni vitano: jina lipi linachukuliwa kuwa la ukoo, nani anahesabiwa, tofauti za tahajia hushughulikiwa vipi, gharama na muda, na siri za watu. Cha kwanza ndicho kizito zaidi kwa watu wa Pwani, na nitakikalia kuliko vingine.

Jina lipi ndilo la ukoo

Pale ambapo jina la ukoo hurithiwa bila kubadilika, swali letu ni jepesi. Idara ya sensa ya Marekani ilitoa orodha kutokana na sensa ya 2010 yenye majina 162,253 ya ukoo, kila moja likiwa na watu wasiopungua 100, na la kwanza kabisa lilikuwa Smith, lenye watu 2,442,977. Nchini Korea Kusini, sensa ya 2015 ilionyesha kwamba zaidi ya watu milioni 10 wanaitwa Kim, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Hata hivyo, hao akina Kim wenyewe hawajioni kuwa ukoo mmoja, kwa kuwa hugawanyika kwa asili zao, kuna Kim wa Gimhae na Kim wa Gyeongju, na kadhalika. Wingi wa jina na ukubwa wa ukoo ni mambo mawili hata huko ambako hesabu ni safi.

Mombasa haina mpangilio mmoja wa majina. Ulio mkubwa miongoni mwa Waislamu wa mjini ni wa jina lako, la baba na la babu, ambao zamani uliunganishwa kwa "bin" na "binti" na leo huandikwa bila viungo hivyo. Tuseme mtu anaitwa Ali Hassan Omar. Mwanawe akiitwa Salim atakuwa Salim Ali Hassan, na mjukuu akiitwa Yusuf atakuwa Yusuf Salim Ali. Katika vizazi vitatu jina la mwisho limekuwa Omar, kisha Hassan, kisha Ali, na damu ni ileile. Kumuuliza mtu wa namna hii jina lake la ukoo lina watu wangapi ni kumuuliza ni wangapi waliokuwa na babu aitwaye Omar, na hao wamo kuanzia Lamu hadi Jakarta. Watu wa Iceland wanaijua hali hii vizuri, kwa sababu wengi wao huchukua jina la baba badala ya jina la ukoo, na kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza la mtu.

Mpangilio wa pili ni wa nisba, yaani majina yanayoonyesha kabila au asili ya mtu, na majina ya makabila ya mjini: Mazrui, Mandhry, Shatry, Busaidy, Basheikh, Shirazy na mengineyo. Haya hurithiwa kama Smith hurithiwa, na ndiyo yanayopimika vizuri zaidi. Lakini si wote wenye haki ya nisba wanaoiandika. Ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuwa mmoja ana nisba kwenye kitambulisho na mwingine ana jina la babu tu, kwa sababu karani wa siku hiyo aliona majina matatu yanatosha. Na wapo Wamiji, Waswahili wenyeji wa Mombasa waliogawanyika katika makundi mawili ya Thalatha Taifa na Tisa Taifa, ambao utaifa wao, wa Kilindini au wa Changamwe kwa mfano, unajulikana mtaani na hauonekani popote kwenye karatasi.

Mpangilio wa tatu ni wa Wamijikenda. Kwa Wagiriama majina ya babu hurudi kwa wajukuu, hivyo Charo huweza kumzaa Kahindi, na Kahindi akamwita mwanawe Charo. Majina kama Charo, Karisa, Katana, Kazungu na Kahindi yanazunguka ndani ya mbari nyingi tofauti, na mbari yenyewe ndiyo ukoo, nayo haiandikwi. Ukiongeza majirani zetu kutoka bara unapata utaratibu mwingine: Otieno ni jina la mtoto wa kiume wa Kijaluo aliyezaliwa usiku, na wanaolibeba wameunganishwa na saa ya kuzaliwa, si na babu mmoja, ingawa leo wapo ambao limeshakuwa jina lao la familia.

Sasa tuzipime njia zetu. Tovuti za majina huchukua neno la mwisho kuwa la ukoo bila kuuliza. Kwa Mandhry hilo ni sawa, na kwa Omar halina maana. Orodha za dola zina kasoro hiyohiyo kwa heshima zaidi: pasipoti yetu ina mstari wa jina la ukoo na mstari wa majina mengine, hivyo Ali Hassan Omar anaposafiri hugeuka Bwana Omar, na mwanawe kando yake ni Bwana Hassan, jambo ambalo limewasumbua wasafiri wengi kwenye viwanja vya ndege vya ughaibuni. Gazeti Rasmi ni afadhali, kwa kuwa huchapa majina yote, na katika matangazo ya mirathi mara nyingi hutaja jina la pili ambalo marehemu alijulikana kwalo. Matangazo ya kubadili jina nayo huweka jina la zamani na jipya pamoja. Wazee ndio wanaoshinda hapa bila ubishi, kwani mzee hahesabu neno la mwisho bali watu wa mlango, hata kama watu wanne wa mlango huo wana majina manne tofauti kwenye vitambulisho vyao.

Nani anahesabiwa

Sensa ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini, na Kaunti ya Mombasa ikawa na 1,208,333. Hakuna orodha nyingine inayokaribia upana huo, na kwa bahati mbaya Shirika la Taifa la Takwimu halichapishi hesabu ya majina, kwa hivyo msomaji wa kawaida hanufaiki nayo isipokuwa kama kigawanyo, jambo nitakalolirudia punde. Daftari la wapiga kura la uchaguzi wa 2022 lilikuwa na watu 22,120,458, ambao hawafiki nusu ya Wakenya, na wote ni wa miaka 18 kwenda juu. Katika mji wenye vijana wengi kama wetu, kuwaacha nje watoto ni kuacha jina zima la kizazi kinachokuja.

Tovuti hutoa makadirio. Hukusanya majina kutoka vyanzo vilivyo wazi, kisha hupanua sampuli hiyo ifanane na idadi ya watu wa nchi. Kwa jina lenye watu laki kadhaa, kosa la makadirio halionekani sana. Kwa nisba yenye watu mia chache, kosa hilo laweza kuwa kubwa kuliko jina lenyewe. Faida yake, ambayo njia nyingine hazina, ni kuvuka mipaka: hukuonyesha jina liko nchi gani na kwa wingi gani. Ila hapo pia pana mtego. Mazrui wa Mombasa wana asili ya Oman, na kabila hilo lingali kubwa huko na katika Falme za Kiarabu, hivyo idadi ya dunia inachanganya waliokuja Pwani karne kadhaa zilizopita na ambao hawakuwahi kupanda jahazi.

Gazeti Rasmi linahesabu matukio badala ya watu. Mtu huingia humo akifa akaacha mali, akipoteza hati ya shamba, akibadili jina au akiteuliwa kushika wadhifa. Asiye na ardhi wala kesi haonekani, na wanawake huonekana kwa uchache kwa sababu hati nyingi za ardhi zimeandikwa majina ya wanaume. Isitoshe, Waislamu wengi wa Mombasa hupeleka mirathi zao kwa Kadhi, kama Kifungu cha 170 cha Katiba kinavyowaruhusu wanaokubali mamlaka yake, na mashauri hayo hayafuati lazima njia ya matangazo ya Mahakama Kuu. Kwa hivyo majina ya Kiislamu katika Gazeti ni machache kuliko yalivyo mitaani. Fadhila ya Gazeti ni umri wake: lilianza 1899, Mombasa ikiwa bado ndiyo makao ya utawala, na hakuna orodha nyingine iliyo wazi inayokurudisha nyuma kiasi hicho.

Wazee huwahesabu waliopo na waliokufa, watoto kwa watu wazima, lakini nao wana upofu wao. Shajara nyingi huenda kwa wanaume, na watoto wa binti aliyeolewa nje ya ukoo hukatika kwenye karatasi. Waliohama pia husahaulika. Baada ya Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, kuitwaa Mombasa mwaka 1837, Mazrui waliobaki waligawanyika, wengine wakakaa Takaungu na wengine Gazi, na baada ya vita vya 1895 hadi 1896 Mbaruk bin Rashid wa Gazi akavuka na wafuasi wake kuingia eneo lililotawaliwa na Wajerumani. Mzee wa Takaungu anaweza kukuhesabia watu wa Takaungu hadi mtoto wa juzi, na watu wa Tanga, upande uliokuwa wa Wajerumani, akawataja wawili tu.

Kuna jambo la hesabu ambalo wengi huliruka. Idadi peke yake haisemi jina ni la kawaida au ni adimu. Lazima igawanywe kwa watu wa mahali panapohusika. Tuseme jina fulani lina watu 1,000 nchini, na 300 kati yao wako Mombasa. Kitaifa ni mtu mmoja katika kila 47,564, jina adimu. Mombasa ni mmoja katika kila 4,028, na kwa kuwa jina kama hilo huelekea kukaa mtaa mmoja au miwili, mkaazi wa Mji wa Kale hulisikia kila siku na kuapa kuwa ni jina la kila mtu. Hesabu ya kitaifa na mkaazi huyo, wote wanasema kweli.

Jambo la mwisho katika kigezo hiki ni ndoa. Mwanamke wa Kiislamu hapa kwetu hubaki na jina la baba yake baada ya kuolewa, wakati wanawake wengi wa familia za Kikristo huchukua la mume. Hivyo majina mawili yenye koo za ukubwa mmoja hutoa idadi tofauti, kwa kuwa la pili limeongezewa wake.

Tahajia

Hapa ndipo tovuti na orodha za dola zinapochechemea zaidi, kwa sababu kompyuta hulinganisha herufi. Mazrui, Mazroui, Al-Mazrui, Almazrui na Mazrouei ni majina matano kwake. Mandhry na Mandhri ni mawili. Omar, Omari na Umar. Saleh na Swaleh. Twahir na Tahir. Abdalla, Abdallah, Abdulla na Abdullahi. Na Mohamed, ambalo sithubutu kuorodhesha sura zake zote. Anayetumia tovuti hana budi kuandika kila sura aijuayo, kuzitafuta moja moja, kisha kujumlisha, akikumbuka kwamba baadhi ya sura, kama Abdullahi, hupendwa zaidi na Wasomali, na kuzijumlisha bila kufikiri ni kuleta watu wasiohusika.

Gazeti Rasmi lina ugumu huohuo pamoja na mwingine: nakala za zamani zilipigwa picha na kusomwa na mashine, nayo mashine husoma vibaya herufi zilizofifia. Utafutaji wa neno moja hukosa mengi, na kwa miaka ya mwanzo ni bora kupekua kurasa kwa macho. Wazee hawana tatizo hili hata kidogo, kwa sababu wao husikia jina, hawalisomi. Wakati mwingine hilo nalo hudanganya, pale majina mawili ya asili tofauti yanapotamkwa karibu sawa, lakini mzee mzuri atakuuliza "mwana wa nani?" kabla ya kukujibu.

Gharama na muda

Forebears ni bure na hujibu papo hapo. FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni, pia ni bure ila hudai ujisajili. Nakala za Gazeti Rasmi zinasomeka bila malipo mtandaoni, na gharama yake ni saa za kukaa mbele ya skrini, kwani hutoka kila wiki na ni miaka mingi. Orodha za dola hazigharimu kitu kwa sababu hazikupi kitu: unaweza kuthibitisha taarifa zako mwenyewe kwenye daftari la wapiga kura, si kutafuta kwa jina la ukoo na kupewa jumla. Mtafiti mwenye barua ya chuo na kibali anaweza kuomba takwimu zisizomtambulisha mtu, na ajiandae kusubiri. Wazee hawatozi ada, ila huwezi kumwendea mzee mikono mitupu wala kumharakisha, na mara nyingi kikao cha kwanza huwa ni cha yeye kukuchunguza wewe.

Siri za watu

Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taasisi za Kenya zinawajibika kwa namna zinavyokusanya na kutoa taarifa za watu, na hilo linaeleza kwa nini sajili ya vitambulisho imefungwa. Ni haki iwe hivyo. Jina la ukoo hapa Pwani hubeba kabila, dini na wakati mwingine mtaa, na orodha ya wenye jina moja na mahali wanapoishi ni kitu cha hatari mikononi mwa asiyefaa. Tovuti za kukadiria hutoa tarakimu tu, kwa hivyo hazina madhara makubwa. Zile za kujenga mti wa nasaba ni jambo jingine, kwani watu hupakia majina na tarehe za jamaa walio hai bila kuwauliza. Gazeti ni la umma kisheria. Kwa wazee, mipaka ni ya adabu. Baadhi ya yaliyomo kwenye shajara, kama watoto wa nje ya ndoa au wazao wa watumwa waliopewa jina la bwana wao, huelezwa kwa sharti la kutoandikwa, na anayevunja sharti hilo huwafungia mlango wanaokuja baada yake.

Ipi inakufaa

Mzazi anayechagua jina la kumwandikishia mtoto atosheke na tovuti. Haja yake ni kujua jina ni la watu wengi sana, wa wastani au wachache, na kwa hilo makadirio yanatosha. Kama familia ina nisba na mzazi anahofia mtoto kuchanganywa na wenzake kwenye mitihani na benki, kuiandika nisba kwenye cheti cha kuzaliwa kutasaidia zaidi kuliko kuongeza jina la babu wa pili. Achague tahajia moja na aitumie kwa watoto wote.

Aliye na shauri la mirathi asiguse tarakimu za tovuti, hazina uzito mbele ya Kadhi wala jaji. Aanze na wazee wa pande zote mbili, ya mume na ya wake, aandike nasaba kwa mashahidi, kisha apekue Gazeti kwa jina la marehemu na majina mengine aliyojulikana kwayo. Tangazo la maombi ya kusimamia mirathi huacha siku 30 za pingamizi, kwa hivyo upekuzi wa mapema una faida.

Mwanafunzi au mtafiti anayetaka kulinganisha majina ya kaunti nzima hana njia ila takwimu za dola, kwa kibali, na ni vizuri aamue kabla hajaomba kama atahesabu neno la mwisho au jina lolote kati ya matatu. Kwa majina ya Pwani namshauri ahesabu yote matatu. Atapata picha ya majina yanayopendwa kutolewa, ambayo ni swali halali, mradi asiiite picha ya koo.

Anayeandika historia ya mlango wake ahesabu kwa wazee, na tovuti azitumie kama ramani ya kumwonyesha pa kuuliza. Akiona jina lao lina watu Pemba, Muscat au Tanga, amtafute mtu wa huko kabla ya kuamua kuwa ni ndugu. Mgiriama au Mdigo anayefanya kazi hiyo aanze na mbari au fuko, kisha ashuke kwenye majina, kwa maana akianza na Charo au Kazungu atakusanya nusu ya Kaunti ya Kilifi.

Na mwenye hamu tu ya kujua, aandike jina lake kwenye tovuti usiku huu, katika tahajia zote anazozikumbuka, agawanye kwa idadi ya watu wa kaunti yake, na kesho amuulize bibi yake kama tarakimu hiyo ina akili.